Mbio Zilizoishia Ukingoni mwa Paa

Nianze na godoro. Kipindi cha 12 cha Erased: Satoru, mhusika mkuu, anaanguka kutoka kwenye paa la hospitali, na huko chini rafiki yake Kenya na wenzake (jina halihusiani na Nairobi, msiniulize tena) wameshalitandika godoro na wanamngoja. Walilipata wapi? Walipanga lini, na nani alimwambia nani? Nimeirudia sehemu hii mara nne nikidhani nilisinzia. Sikusinzia. Mwongozaji Tomohiko Ito na mwandishi wake Taku Kishimoto waliamua kutufungia nje, na uamuzi huo ndio ulioiangusha kazi ambayo hadi kipindi cha 10 nilikuwa tayari kuiita anime bora ya mwaka 2016.

Wengi hulalamikia mambo mengine. Eti muuaji alijulikana mapema. Ni kweli, mwenye macho alimshuku mwalimu Yashiro tangu zile pipi za garini, kwa sababu watu wazima wa kushukiwa walikuwa wachache mno. Sina neno na hilo. Kumjua mwalimu kabla Satoru hajamjua kulikifanya kile kiti cha mbele chenye mkanda ulionasa kitishe zaidi. Eti Kayo, msichana aliyeokolewa na Satoru, aliolewa na rafiki yao Hiromi. Jamani, Satoru amelala katika koma miaka 15, mlitaka binti akae eda ya asiyekufa?

Jambo lililoibeba Erased ni kinywa cha Satoru. Mtu wa miaka 29 yumo ndani ya mwili wa mtoto wa shule, Hokkaido ya 1988, anawaza kwa sauti nzito ya Shinnosuke Mitsushima na kusema kwa sauti ya Tao Tsuchiya. Kila mara wazo linamponyoka na kutoka hadharani, naye anajishtukia. Tulicheka, na katika kucheka tukakaribishwa ndani ya kichwa chake. Alipohesabu siku za kumwokoa Kayo, tulihesabu naye. Alipodhani amefaulu, kumbe msichana ameuawa vilevile, tulikuwa tumekosea naye, ndiyo maana iliuma. Utaratibu huo ulilindwa kwa vipindi kumi bila kuteleza.

Kisha kipindi cha 11. Satoru ameamka, kumbukumbu hana, na Yashiro, sasa mwanasiasa mwenye jina jipya, anakisukuma kiti cha magurudumu hadi juu ya paa. Ghafla Satoru anamjulisha kwamba ameshakumbuka. Tangu lini? Dakika ipi? Sisi tuliokuwa tumekaa sebuleni kichwani mwake tumehamishiwa barazani bila taarifa, tunachungulia dirishani kama wapita njia. Katika kipindi cha 12 tunaambiwa kwamba hata ule mtego wa Yashiro kwenye dripu ya Kumi, mtoto aliyelazwa hospitalini humo, ulikuwa umeshashughulikiwa. Kila kitu kimeshapangwa, na kila kitu kimepangwa mahali ambapo kamera haikwenda. Taharuki imeuzwa ili inunuliwe mishtuko miwili: mmoja wa kufungia kipindi cha 11, mwingine wa godoro. Mshtuko wa kwanza ulidumu wiki moja. Wa pili haudumu hata hadi wimbo wa kufunga, kwa sababu mtu ambaye tumejua atadakwa tu hatumwogopei.

Wakongwe walijua kazi hii. Katika Steins;Gate ya 2011, kabla ya kipindi cha 24, mhusika mkuu Okabe anaelezwa mpango mzima kwa ujumbe wa video kutoka kwake mwenyewe wa baadaye: aidanganye nafsi yake ya zamani iamini kwamba Kurisu amekufa. Tunaujua mpango kama yeye. Halafu ile damu bandia inakutwa imeganda, na inabidi aitoe yake. Moyo unadunda kwa kuwa tunajua kilichotakiwa kutokea. Studio yake, White Fox, haikutuficha chochote, na bado hatukupumua.

Nitajibiwa kwamba vipindi 12 havitoshi, na kwamba manga ya Kei Sanbe iliyozaa anime hii ilikuwa inafungwa mwezi uleule wa Machi 2016. Nimechoka na utetezi huu. Satoshi Kon alipewa vipindi 13 vya Paranoia Agent na akaacha kazi ambayo bado inatunyima usingizi. Studio hiihii, A-1 Pictures, iliimaliza Anohana kwa vipindi 11. Na Ito si mgeni wa haraka: katika Sword Art Online alitumalizia ngome ya ghorofa 100 kwenye ghorofa ya 75, ndani ya vipindi 14. Niliandika wakati ule, nikaambiwa nina chuki.

Dakika tatu zingetosha. Chumba cha hospitali, Satoru na Kenya. Kenya ndiye mtoto aliyekuwa wa kwanza kunusa kwamba ndani ya rafiki yake kuna mtu mwingine, na sasa ni mwanasheria. Waacheni wawili hao wakae na waseme wanakusudia nini, kisha tupandishwe paani tukiijua hatari: je, Yashiro asipokwenda ukingoni? Je, godoro likikosea hatua moja? Mbio za sakafuni zingeishia ukingoni kwa haki.

Muziki wa Yuki Kajiura ni safi. Picha inayopanuka na kubanwa na pau nyeusi tunaporudi 1988 ni wazo zuri. Onyesho la kifungua kinywa cha Kayo nyumbani kwa Satoru halina mfano.

Anayetaka kunibishia aweke kipindi cha 2, afumbe macho, ahesabu ni mara ngapi wazo linamponyoka Satoru. Halafu aweke ile safari ya kiti cha magurudumu kuelekea paani, asikilize vilevile. Mtu yuleyule, na siku hiyo hata neno moja la mpango halikumponyoka.