Kung'arisha, Kukatua na Kupaka Nta: Uhakiki wa Tafsiri

Hivi karibuni mtumishi mwenzangu aliniletea karatasi ya maelezo ya utunzaji wa rangi ya gari nyumbani, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na kuuzwa pamoja na vichupa vitatu. Alikuwa ameyafuata maelezo hayo neno kwa neno kila Jumamosi, na badala ya kung'aa, boneti ya gari lake ilikuwa imeanza kufifia. Sarufi ya tafsiri hiyo haina kasoro. Kosa lake limo katika istilahi.

Msomaji anaelekezwa kwamba akishaosha na kukausha gari apake "dawa ya kung'arisha", kisha apake "dawa ya kung'arisha na kulinda". Kitenzi kimoja kimebebeshwa kazi mbili zinazopingana. Dawa ya kwanza ina chembe ndogo sana zinazosugua. Huondoa mikwaruzo kwa kuondoa sehemu ya juu ya rangi yenyewe. Ya pili ni nta. Haiondoi kitu, bali huongeza utando wa kukinga maji, chumvi ya bahari na kinyesi cha ndege. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka angavu juu ya rangi, ambalo unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani pungufu ya unene wa unywele. Kila msuguo hulipunguza, nalo likiisha halirudi ila kwa kupigwa upya. Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa kwa nadra, na ya pili hurudiwa kila baada ya miezi michache. Msomaji atazitofautishaje, iwapo zote mbili ni kung'arisha?

Chanzo cha mkanganyiko huu, kwa maoni yangu, ni viatu. Polishi ya viatu ina nta ndani yake. Mtu huipaka na kuisugua kwa brashi, na kiatu hulindwa na kung'aa kwa pamoja. Neno polishi lilipohamia kwenye gari, msomaji alihama na maana ile ile ya kuongeza, hali kitu chenyewe sasa kinapunguza.

Lugha yetu haina upungufu hapa. Tunacho kitenzi katua, yaani kusugua chombo cha madini hata king'are. Huenda ikasemwa kwamba kukatua ni kwa shaba, si kwa rangi. Lakini msasa nao ulikuwa mti ambao majani yake makavu yalisugulia mbao. Leo ni karatasi ya dukani, na hakuna fundi anayelalamika.

Vilevile, mfasiri ameliita tabaka lile angavu "rangi isiyo na rangi", maneno yanayojikana yenyewe. Seremala yeyote angempa neno vanishi.

Napendekeza, basi, kukatua kwa kazi ya kusugua na kupunguza; kupaka nta kwa kazi ya kukinga; vanishi angavu kwa tabaka la juu; na kung'aa kubaki jina la matokeo, ambayo huletwa na kazi zote mbili. Mfasiri hana budi kuuliza kwanza kitu kinafanya nini, ndipo aulize kinaitwaje. Mwenzangu hakuharibu gari lake kwa uzembe. Aliliharibu kwa utii.