Walipotoka Kundini: Les Wanyika na Wimbo wa "Sina Makosa"

Katika historia ya muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, kuvunjika kwa bendi si jambo geni. Kila linapotokea, mashabiki huuliza nani amemkosea nani. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali jingine: mwanamuziki anapoliacha kundi lililomlea, huondoka na nini, naye huacha nini nyuma yake? Jibu la swali hilo halimo katika minong'ono ya vilabuni; limo ndani ya santuri. Mfano wetu ni bendi ya Les Wanyika na wimbo wake ulioitangaza mwishoni mwa miaka ya 1970, "Sina Makosa".

Shina la muziki huo liko Tanga. Mji huo ulikuzwa na bandari, reli na mkonge, na mashamba ya mkonge yaliwakusanya vibarua wa makabila mengi waliokuwa na mshahara mdogo na hamu kubwa ya burudani. Ndipo zikastawi bendi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambazo Kiswahili chake kilikuwa mali ya wote. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka mpaka hadi Mombasa, ambako waliunda Simba Wanyika. Mwaka 1975 bendi ikahamia Nairobi.

Mwezi Novemba 1978 kundi hilo liligawanyika. Walioondoka hawakuwa wachezaji wa pembeni. Alikuwamo Omar Shabani wa gitaa la kati, aliyejulikana kwa jina la "Profesa"; Tom Malanga wa gitaa la besi; Rashid Juma wa dramu; na mwimbaji Issa Juma. Kwa maneno mengine, ndugu wa Kinyonga walibaki na paa na kuta, lakini msingi ulihama. Walioondoka walimpata John Ngereza, Mtanzania mpiga gitaa na mwimbaji aliyekuwa Kenya na Orchestra Jobiso. Walifanya mazoezi kwa miezi kadhaa kabla ya kupanda jukwaani katika klabu ya Garden Square, Nairobi.

Tuutazame sasa muziki wenyewe. Jambo la kwanza linalolivuta sikio katika "Sina Makosa" ni utulivu. Bendi changa iliyotoka kwenye ugomvi ingetarajiwa kupiga kelele ili ijulikane ipo. Hawa hawakufanya hivyo. Besi ya Malanga haifuati nyuma kama mtumishi. Inaimba wimbo wake na kuacha nafasi pale panapostahili nafasi. Gitaa la kati la Shabani linazunguka palepale bila kuchoka, kama mwanamke wa pwani asukaye ukili, na gitaa la solo linapita juu yake kwa adabu. Hapo ndipo tunapoona walichoondoka nacho: nidhamu ya kusikilizana, ambayo haiwezi kufungiwa kabatini na mwenye bendi. Magitaa na vipaza sauti vina mwenyewe, lakini mazoea ya vidole hayana.

Maneno ya wimbo yanahitaji kupimwa kwa makini zaidi. Msemaji anamkabili bwana mwenye hasira, anayemtuhumu na kutaka kumdhuru. Utetezi wake ni kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani. Basi chuki ya nini? Kwa mizani ya maadili, utetezi huo ni mwepesi. Mtu kuwa na mke nyumbani si ushahidi kwamba hakuvuka ua wa jirani. Msikilizaji makini atatambua kuwa mtuhumiwa hakueleza lolote lililotendeka, amekana tu. Hata hivyo hatuoni kuwa huu ni udhaifu wa utunzi. Mtunzi ametuweka katika nafasi ya mzee wa baraza anayesikia upande mmoja wa shauri, na sauti ya upole inatushawishi kabla hatujaupima ushahidi. Wengi wameucheza wimbo huu harusini bila kujiuliza kama mwimbaji anasema kweli.

Hatudai kwamba wimbo huu ulitungwa kuhusu mgawanyiko wa bendi. Lakini neno likishatoka hadharani, mwenyewe halimiliki tena. Watu waliokuwa wameliacha kundi lao walitokea mbele ya umma na kutangaza kuwa hawana makosa, nao waliendelea kulibeba jina la Wanyika kama mtoto aliyehama nyumbani bila kuliacha jina la ukoo. Baadaye Issa Juma naye alitoka, akaunda Super Wanyika. Tawi likazaa tawi, na jina likabaki.

Je, muziki huu ni wetu? Swali hili lina uzito, kwani ulitungwa na kurekodiwa ugenini, wakati mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa, tangu 1977 hadi 1983. Wako waliowaona wanamuziki hao kama watoro, na kwa hoja hiyo waliwatoa katika hesabu ya utamaduni wa taifa. Sisi hatukubaliani nao. Tanzania ya siku hizo haikuwa na kiwanda cha santuri, na msanii aliyetaka kazi yake ishikwe mkononi alilazimika kutazama Nairobi. Zaidi ya hayo, lugha waliyoiimba na mwendo wa magitaa yao vinaonyesha njia waliyopitia.

George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Shabani alifuata mwaka 1998 na Ngereza mwaka 1999. Mashauri yao yamekwisha pamoja nao. Kilichobaki ni wajibu wetu: kuzikusanya santuri hizo, kuzihifadhi, na kuyaandika majina ya waliopiga kila chombo. Taifa linalomkumbuka mwimbaji peke yake na kumsahau mpiga besi limeusikia wimbo nusu.