Hukumu ya Lubanga si kitabu cha historia ya Ituri

Nimesoma tena hukumu ya Thomas Lubanga, ile ya tarehe 14 Machi 2012, kwa sababu karibu kila TFC juu ya vita vya Ituri ninayopewa kusoma inaitegemea.

Kama kazi ya mahakama, ni kazi safi. Majaji waliulizwa jambo moja: UPC iliandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, ndiyo ao hapana? Walijibu ndiyo, wakampa miaka 14. Shida ni sisi. Tunaifanya kitabu cha historia, tunatanguliza sentensi moja, eti tangu zamani Wahema na Walendu wanachukiana, kisha tunaruka mpaka 1999.

Tangu zamani gani? Wahema wa kaskazini, kule Djugu, wanasema Kilendu, njo lugha walizaliwa nayo. Chuki ya tangu zamani inaachia watu lugha moja namna hiyo? Na wameoana, kila mtu wa Bunia anajua. Ugomvi ulikuwako, sikatai. Lakini Mbelgiji njo aliuwekea mipaka: shefferi ya hawa huku, shefferi ya wale kule, mpaka kila kipande cha udongo kikapata kabila. Na kwa shule na kazi za ofisi alipendelea Wahema.

Halafu 1973. Hapa tukae kidogo. Mwaka ule Mobutu aliwanyang'anya wageni mashamba yao makubwa akawagawia Wazairwa, na huku kwetu waliokuwa na shule na marafiki serikalini walikuwa zaidi Wahema. Mwaka ule ule ikatoka sheria ya udongo: udongo wote ni wa serikali, na hati ikipita miaka miwili bila kupingwa, haipingiki tena. Mulimaji wa Walendu-Pitsi atapinga namna gani karatasi ambayo hajaiona, ya Kifaransa, iliyolala ofisini muji wa mbali? Mwaka 1999, pale pale Walendu-Pitsi, ilipofika kufukuza watu mashambani, damu ikamwagika. Jeshi la Uganda lilikuwa tayari hapa. Jenerali Kazini akaunda jimbo, akamweka gavana Mhema, Adèle Lotsove. Ugomvi wa hati ukapata bunduki.

Simwoshi mtu. Wabelgiji hawakuwako Bogoro tarehe 24 Februari 2003, wala Mobutu. Walioua ni watu wa hapa. Ila tuangalie nani alihukumiwa kule La Haye: Lubanga, Katanga, Ntaganda, wote wakubwa wa vikundi vya silaha. Kwa ajili ya hati za mashamba, hakuna hata mmoja. Na wenye kutengeneza hati hawakuwa wajinga wa kijijini; walikuwa na diploma, kama sisi.

Mwisho wa 2017 Djugu imewaka tena, CODECO ikatokea. Tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège. Mwanajeshi anaweza kufunga barabara, lakini shamba ni la nani, hiyo hawezi kujibu.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta kichwa cha TFC: achana kwanza na La Haye. Chukua grupoma moja tu ya Djugu, uliza hati ya kila shamba kubwa iliandikwa mwaka gani, kwa jina la nani, na nani alikuwa analima pale siku ile.