Yufoniamu na Mzigo wa Jina Lake

Aghalabu ala ya muziki hupewa jina lisilomdai msikilizaji kitu. Zumari ni zumari: ikipigwa vyema itasifiwa, ikipigwa ovyo itasutwa, na jina halimo katika kesi hiyo. Yufoniamu haiko hivyo. Ni ala ya shaba ya kupuliza, yenye umbo la tuba ila ni ndogo kwayo, hupakatwa kifuani mdomo wake mpana ukielekea juu. Jina lake limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: eu, yaani vyema, na phone, yaani sauti. Kabla pumzi haijaingia kwenye mrija, hukumu imekwisha kutolewa. La kuuliza ni kama sifa hiyo imeinufaisha ala au imeidhuru, na mfasiri wa Kiswahili aichukue vipi.

Nasaba yake haikuashiria utukufu huo. Babu yake, aliyewasindikiza waimbaji wa makanisa ya Ufaransa tangu mwishoni mwa karne ya 16, aliitwa serpent, nyoka, kwa ajili ya mrija wake uliojipinda. Mwaka 1817 Halary wa Paris akaunda ala ya shaba yenye vifuniko vya kubonyeza, akaiita ophicleide, jina la Kiyunani linalounganisha nyoka na funguo. Berlioz aliitumia katika Symphonie fantastique ya mwaka 1830, pale alipotaka wimbo wa wafu utishe. Kisha zikaja vali, ambazo Stölzel na Blühmel walizipatia hataza huko Prussia mwaka 1818, na mlango ukafunguka. Sifa ya kuibuni yufoniamu, yapata mwaka 1843, kwa kawaida hupewa Ferdinand Sommer wa Weimar, ingawa mafundi kadhaa walikuwa wakihangaika na ala za jinsi hiyo katika miaka hiyohiyo.

Hapo pana jambo la kumpendeza mpenzi wa maneno. Adolphe Sax aliifunga ala yake kwa jina la ukoo: saksafoni, sauti ya Sax. Sommer naye alilijaribu jambo hilo, na ala yake ikajulikana kwa muda kama sommerophone. Jina hilo likafa. Lililosalia halimtaji fundi wala halielezi umbo, linasifu tu. Nyoka aliitwa kwa mwili wake, saksafoni kwa mwenyewe, na yufoniamu kwa hukumu iliyotangulia ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulichelewa. Ni kweli kwamba mrija wake, unaopanuka taratibu karibu tangu mwanzo hadi mwisho, huipa sauti ya duara, isiyo na makali ya tarumbeta. Una urefu wa karibu meta 2.7, sawa na tromboni, lakini mtu hahitaji kufundishwa muziki ili azitofautishe: urefu huamua kimo cha sauti, umbo huamua rangi yake. Lakini noti zake za chini, zile zinazohitaji vali kadhaa kubonyezwa pamoja, zilikuwa zikipanda kuliko ipasavyo. Mwaka 1874 David Blaikley, huko London, alipata hataza ya mpango wa vijirija vya nyongeza unaoirekebisha kasoro hiyo. Kwa miaka thelathini hivi, basi, sauti njema ilikuwa ahadi ambayo sehemu yake haijalipwa.

Wala watunzi wakubwa hawakulikimbilia jina hilo. Richard Strauss, katika Don Quixote ya mwaka 1897, aliandika "tuba ya tena", akaipa kazi ya kushirikiana na ala nyingine kumsawiri Sancho Panza, yule mtumishi mpayukaji asiyekaukiwa na methali. Holst naye akaandika vivyo hivyo katika The Planets, ambamo Mars, mleta vita, anaitumia kuita na kutisha. Sehemu hizo leo hupigwa mara nyingi kwa yufoniamu. Si bahati tu kwamba zimo miongoni mwa zile zinazokumbukwa zaidi: pale ambapo jina halikuandikwa, ala ilipata ruhusa ya kupayuka na kukasirika. Katika bendi za shaba za Uingereza, ambako jina lake linajulikana na kupendwa, hupewa nyimbo laini mno, na mpigaji hulazimika kuwa mtamu hata pale ambapo utamu unachosha.

Kiswahili kikiipokea, kipokee nini? Maneno yote mawili yalikwisha kuingia nyumbani bila ya kubisha hodi. Phone imo katika gramafoni. Eu imejificha ndani ya Injili, neno lililopita kwa Waarabu likitokea kwenye Kiyunani euangelion, habari njema. Mtu anaweza kushawishika, kwa kigezo hicho, kuiita ala hii "sautinjema". Haitafaa. Njema ya Kiswahili ni ya heri na uzima: siku njema, afya njema. Uzuri wa sauti tunaupima kwa ulimi na kwa mguso. Mwimbaji husifiwa kuwa ana sauti tamu au nyororo, na hakuna shabiki wa taarab aliyemtunza mwimbaji kwa sababu sauti yake ni njema.

Kosa kubwa zaidi ni kuitia katika kapu la "tarumbeta", kama inavyofanywa kwa kila kitu cha shaba tangu beni ilipoenea pwani katika miaka ya 1890. Pwani haikuwa maskini wa majina ya vitu vya kupuliza: siwa, baragumu, mbiu, kila kimoja na shughuli yake na watu wake. Siwa ya shaba ya Lamu haikuitwa baragumu kwa kuwa tu zote hupulizwa. Tena tarumbeta hutangaza, ilhali kazi ya yufoniamu mara nyingi ni kukaa katikati, chini ya sauti kali na juu ya besi.

Bora basi liachwe neno lenyewe, kwa matamshi yetu: yu-fo-ni-a-mu. Kwa Kiswahili sifa inanyamaza, maana eu haisikiki tena, na ala inapata jina lisiloidai kitu, kama zumari. Mshairi naye hapotezi. Kina cha -amu kinaiweka pamoja na kalamu, hamu, damu na karamu. Silabi zake tano zinabakisha mizani tatu katika kipande cha nane, nazo zinatosha kitenzi kimoja ambacho hakiamui kama ni furaha au msiba: yufoniamu yalia.