Hali ya Jedwali Ikae Wapi? HBase Ilichelewa Kujibu

Wale wa informatiki watanielewa haraka, lakini jambo hili linawahusu hata wengine.

HBase ni hifadhidata ya wazi, iliyojengwa kwa kufuata andiko la Google la 2006 juu ya Bigtable. Kila jedwali ndani yake lina hali yake: liko wazi, limefungwa, ao liko katikati, bado linafunguliwa ao linafungwa. Si kitu kidogo. Bila kulifunga kwanza, huwezi kulifuta.

Sasa hali hiyo iandikwe wapi? Kwa miaka mingi ilikaa ndani ya ZooKeeper, programu ya pembeni inayosaidia seva nyingi zielewane. Orodha ya vipande vya jedwali ilikuwa kwingine, ndani ya jedwali linaloitwa hbase:meta. Maelezo ya jedwali nayo yalikuwa kwenye faili. Ni kama chuo kiandike jina la mwanafunzi kwenye rejista ya aparitora, lakini kama ameandikishwa ao hapana, hiyo ibandikwe tu kwenye valve. Vikipingana, tumwamini nani?

Na vilipingana. Seva ikianguka katikati ya kazi, jedwali liliweza kubaki "linafungwa" bila mwisho: kulifungua haiwezekani, kulifuta haiwezekani. Msimamizi aliingia ZooKeeper kwa mkono, akaondoa alama ile. Kosa liko hapo. ZooKeeper inafaa kwa habari za kupita, kama vile seva gani iko hai sasa hivi. Kufunga jedwali ni uamuzi wa mtu, na uamuzi unakaa pamoja na kitu chenyewe.

Kulikuwa pia na wazo la kuiweka ndani ya lile faili la maelezo. Hapana. Maelezo hubadilika mara chache. Kuandika faili upya kila jedwali likifunguliwa ni kujichosha bure.

Toleo la 2.0, la 2018, limeiweka ndani ya hbase:meta, karibu na orodha ya vipande. Uamuzi mzuri. Ni kweli, meta ikikosekana, huwezi kujua jedwali gani liko wazi. Lakini bila meta, hata vipande vyenyewe huvipati, kwa hiyo hasara haiongezeki sana. Nakala bado inapelekwa ZooKeeper juu ya programu za zamani. Nakubali, kwa sharti moja: nakala ifuate, isiamue.

Wewe unayetengenezea shule ya hapa Kavimvira programu ya minervali, jiulize leo: neno "amelipa" liko wapi? Kwenye simu ya karani, kwenye seva, ao kwenye daftari? Kama liko pote patatu na hakuna pa kuamua, siku moja mtoto aliyelipa atafukuzwa darasani, na kila mmoja atakuwa na ushahidi wake mkononi. Chagua pamoja kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.