Mkono Unaojua Kuacha

Kwetu donge la chapati husifiwa kwa jinsi lilivyokandwa. Piza nene ya Chicago, ile ya kuokwa ndani ya bati lenye kina, ina adabu nyingine. Unga wake wa ngano, hamira na mafuta ya mahindi hukandwa kidogo tu, kisha mkono ukajizuia. Ukizidisha, ukoko unavutana menoni. Ukijua kuacha, unamomonyoka mdomoni.

Bibi niliyemtazama akiiandaa nyumbani kwake, mjini humo humo, hakugusa kifimbo. Aliliweka donge katikati ya bati zito la duara, jeusi kwa miaka ya moto na mafuta, bati ambalo hamruhusu mtu kulisugua kwa sabuni. Akaanza kulisukuma kwa ncha za vidole kuelekea kingoni. Donge likagoma, likarudi nyuma. Hakulilazimisha. Alilifunika kitambaa, akaendelea na soga, na alipolirudia likatii. Ndipo akalipandisha ubavuni mwa bati kwa kidole gumba, akibinya kwa makini pale chini panapokutana na ubavu, maana hapo unga hupenda kujikusanya, na ukijikusanya hauivi. Alizunguka bati zima hivyo, hana haraka, macho yake kwangu na kidole chake kazini. Kidole kile kilijua unene wa ukoko bila kuuangalia.

Halafu ukaja mpangilio unaowashangaza wageni: jibini chini, soseji mbichi juu yake, nyanya zilizopondwa mwisho kabisa. Piza hii hukaa ovenini nusu saa na zaidi, na jibini lingekuwa juu lingeungua kabla ukoko haujaiva. Huko chini linauzuia ukoko usiloweshwe, na nyanya zinapunguza maji yake taratibu.

Husemwa kuwa yote yalianza 1943, Ike Sewell na Ric Riccardo walipofungua mgahawa unaojulikana leo kama Pizzeria Uno. Nani hasa aliyeibuni, watu wa mji ule bado wanabishana, na wanaobishaniwa karibu wote ni wanaume wenye mikahawa. Alice Mae Redmond, Mmarekani Mweusi aliyekanda unga pale Uno kabla ya kuhamia Gino's East, mgahawa uliofunguliwa 1966, hutajwa mara chache. Mabango hayakuwa na nafasi ya mkandaji.

Siku hizi piza hiyo hugandishwa, ikatiwa katika sanduku na kupelekwa majimbo ya mbali. Mwenye njaa simlaumu. Wa kulaumiwa ni sisi tunaodhani ujuzi umehifadhiwa kwa sababu mapishi yamo kwenye simu: gramu, dakika, nyuzi joto. Namba hizo ni za kweli, lakini hazimwambii mtu ni lini donge limechoka na linataka kuachwa. Hilo hujulikana na aliyesimama karibu na mkono mwingine, akakosea, akasahihishwa.

Bibi alisema wajukuu zake wanaipenda sana piza yake. Hufika ikiwa tayari mezani. Wakimsifu, humsifu kwa utamu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba kulishika donge, naye ameshaacha kuwaita. Watakula siku nyingi bado, na hakuna fundi atakayetokana na kula.