Nkambo Darasani: Sinema ya Mzee Maruge

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Twasema nchi ya Kenya, si mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi. Mzee huyo aliingia darasa la kwanza mwezi wa Januari 2004, umri wake miaka 84, katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo karibu na Eldoret. Mwaka mmoja kabla yake serikali ya nchi ile ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi na kuwaita wote waje wasome. Mzee akalishika neno hilo kama lilivyotamkwa. Mwaka 2010 mambo yake yalitolewa katika sinema iitwayo The First Grader, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick. Tumeitazama mara mbili, nasi twataka kusema wazi yaliyotupendeza na lile lililotuudhi.

Yaliyotupendeza si machache. Anayecheza nafasi ya mzee ni Oliver Litondo, aliyekuwa zamani msomaji wa habari katika televisheni ya Kenya, naye achukua kazi yake kwa heshima kubwa. Hafanyi vituko vya kizee ili watu wacheke. Aja na fimbo yake mpaka lango la shule, akataliwa. Aja tena, akataliwa tena, kwa sababu hana sare. Basi aenda kutafuta nguo, akata suruali iwe kaptula, avuta soksi mpaka magotini, arudi. Hapo mtu hucheka, kisha huona haya kwa kucheka kwake. Watoto nao ni wanafunzi wa kweli wa mashambani, si watoto waliofundishwa michezo, nao humtazama mzee jinsi watoto watazamavyo kitu kipya: kwanza kwa hofu, halafu kwa mikono. Yupo mmoja asiyeweza kuandika tarakimu 5. Mwalimu ana kazi nyingi. Mzee amwinamia polepole mpaka ile tarakimu inatokea. Kwetu sisi tuliozoea kushika chaki, hilo ndilo fungu zuri kuliko yote, nalo halichukui hata dakika mbili.

Mwalimu Jane Obinchu, achezwaye na Naomie Harris, ameonyeshwa vema. Ampokea mzee, wakubwa wamkasirikia, wazazi wanung'unika kwamba kiti cha mtoto kimekaliwa na mtu wa kaburini. Manung'uniko hayo twayajua sana.

Sasa lile lililotuudhi. Katika sinema, Mzee Maruge hana mtu. Twaonyeshwa ujana wake siku za Mau Mau: mke mzuri, watoto, kisha askari wa Waingereza waja, wamwua mke na watoto mbele ya macho yake, naye apelekwa kambini kuteswa. Mateso yenyewe hatuyabishi. Serikali ya Uingereza yenyewe ilikubali mwaka 2013 kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati ule, na Mzee Maruge alikuwa amekwisha kufa miaka minne. Lakini baada ya mateso hayo sinema yamweka kibandani peke yake kwa miaka hamsini. Upendo wote wa maisha yake uko nyuma, katika ndoto za usiku. Mbele hana ila barua moja asiyoweza kuisoma.

Tazameni ukweli wake. Mzee Maruge alikuwa mjane, ndiyo, lakini alikuwa na wajukuu 30, na wawili kati yao walisoma shule ileile! Nkambo na wajukuu wake, kengele moja, uwanja mmoja, sare ya namna moja. Nani alimsaidia nani hesabu nyumbani? Mjukuu alijisikiaje siku ya mtihani, akijua nkambo wake naye anaandika? Mtunzi angepata hapo kicheko na machozi ya kutosha sinema tatu. Lakini wajukuu wameondolewa wote.

Twafahamu sababu. Mtu mpweke huliza watazamaji upesi, na shujaa asiye na jamaa ni rahisi kumwongoza katika hadithi. Wala hatusemi kwamba sinema lazima ifuate kila jambo kama daftari la ubatizo. Lakini kwa kumnyang'anya jamaa zake imetufundisha vibaya juu ya uzee wenyewe. Imetuambia kwamba mzee hupata jambo jipya kwa kuwa amepoteza yote mengine, na kwamba moyo wake unaishi kwa kumbukumbu tu. Mtazamaji amhurumia Maruge, atoka, arudi nyumbani, wala hakumbuki kwamba kwake pia kuna nkambo ameketi barazani.

Hapa kwetu wamejaa. Mwaka 2003 na 2004, Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Waliokuwa na miaka hamsini siku zile leo wamepita sabini. Watu hao waliamshwa na king'ora maisha yao yote. Kazi ilipokoma, wengi wetu tulidhani kwamba na hamu yao imekoma. Twawaona kwenye viti mlangoni pa kiwanja, twawaamkia, twapita. Mmoja wao akisema ataka kujifunza Kiingereza, au kupanda gari kwenda kuona kijiji alichokiacha mtoto, watoto wake huulizana kama akili zake ni nzima.

Na akisema ataka kuoa? Hapo ndipo nyumba huwaka moto. Wajukuu hawana neno. Huku Katanga nkambo humwita mjukuu wake wa kike "bibi yangu", na nkambo mwanamke humwita wa kiume "bwana yangu", na wote hucheka. Basi kwa mzaha tumekwisha kukubali kwamba mzee anao moyo. Lakini mjane wa miaka 68 akitaja mwanamke wa kweli, mjane mwenziwe wa jumuiya ya jirani, watoto wakubwa hukusanyika kama baraza la kesi. Husema: aibu. Husema: marehemu mama atasikitika. Lisilosemwa kwa sauti ni kiwanja na nyumba.

Hofu ya kiwanja si upuzi, maana tumeona yatima wakitolewa nje. Lakini dawa yake ni karatasi iliyoandikwa mapema mbele ya mashahidi, si kumfungia mzee upwekeni. Kanisa halikuweka umri wa mwisho wa kufunga ndoa. Kanuni ya 1083 yataja miaka ya chini tu, 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke. Wala kukosa uzazi hakuzuii ndoa. Na katika kitabu cha Ruthu, Boazi alimsifu mwanamke yule kwa kuwa hakuwafuata vijana. Wala Naomi, mjane aliyejiita mchungu, hakuachwa pembeni: mtoto aliwekwa kifuani pake, na majirani wakasema Naomi amezaliwa mwana. Huyo mtunzi wa zamani hakuona haja ya kumwondolea mtu mzee jamaa zake ili habari iwe tamu.

Turudi kwa Mzee Maruge, kwa kuwa yaliyobaki ya maisha yake ni makubwa. Mwaka 2005 wanafunzi wenziwe walimpata kuwa kiranja mkuu. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo alipanda ndege mara ya kwanza maishani mwake akaenda New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kusema juu ya elimu ya bure. Sinema haikufuatana naye safari hiyo. Mwanzoni mwa 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilimtoa kwake. Akaishi katika kambi ya wakimbizi, na kutoka kambini akaendelea kwenda darasani. Baadaye alihamia Nairobi, akaanza tena shule nyingine.

Tena tangu mwanzo alisema kwamba sababu moja ya kutaka kusoma ni Biblia, aisome kwa macho yake mwenyewe. Sinema yaweka barua ya serikali mbele, na Biblia haikupata nafasi hiyo. Lakini Dominika ya tarehe 24 Mei 2009, katika kanisa la Utatu Mtakatifu, Kariobangi, Nairobi, mzee huyo alibatizwa akaitwa Stefano. Alifariki tarehe 14 Agosti mwaka uleule.

Wanaotaka kuionyesha sinema hii parokiani wajue kwamba watu wasema Kiingereza kwa sehemu kubwa, basi atafutwe mtu wa kufasiri. Mafungu ya mateso ni makali: mauaji ya mke na watoto, na penseli iliyotiwa sikioni. Kwa hiyo yafaa kwa wakubwa, na kwa vijana walio pamoja na wazazi, wadogo wasiingizwe. Siku nzuri ni Dominika ya nne ya Julai, ambayo Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka tangu 2021 kuwa siku ya mababu na wazee. Viti vya mbele waachiwe wao, wajukuu wakae karibu nao, na baada ya sinema wazee wapewe neno kwanza. Waulizwe wangetaka kufanya nini mwaka ujao, na watoto wao wakubwa wawepo wasikie jibu.